Nauli Ikipanda, Nani Anashuka?

Nauli mpya inapotangazwa mjini, mabishano hufuata njia ileile. Wenye mabasi na treni huonyesha bei ya mafuta, vipuri na mishahara ya madereva. Abiria huonyesha mifuko yao. Kinachobishaniwa ni kiasi: asilimia tano, kumi, ishirini. Mimi naona kiasi ndicho sehemu inayotueleza machache zaidi. Ongezeko la asilimia kumi linaweza kupita bila kelele katika jiji moja, na katika jiji jingine likabadili nani anaishi wapi, nani anapata kazi gani na barabara zipi zinajaa magari. Tofauti inatokana na jinsi nauli yenyewe ilivyopangwa: inatozwa kwa safari au kwa kilomita, kwa kila basi unalopanda au kwa mwezi mzima, na kama yupo mwingine anayechangia zaidi ya abiria.

Tuanze na sehemu rahisi, ambayo ni hesabu.

Mwaka wa kwanza na mwaka wa kumi

Tangu miaka ya 1960 wapangaji wa usafiri nchini Marekani wametumia kanuni ya Simpson-Curtin, iliyopewa jina la kampuni ya washauri ya Philadelphia. Kanuni inasema nauli ikipanda kwa asilimia 3, abiria hupungua kwa takriban asilimia 1. Ni kanuni ya kukadiria tu, lakini imeishi muda mrefu kwa sababu ina habari njema kwa mwendeshaji: wanaokimbia ni wachache kuliko ongezeko la bei, kwa hiyo makusanyo hupanda.

Shida ni kwamba watu hawakimbii siku moja. Mwongozo mkubwa wa utafiti wa usafiri uliochapishwa Uingereza mwaka 2004 ulikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kutenganisha muda mfupi na muda mrefu. Nauli ya basi ikipanda kwa asilimia 10, katika mwaka wa kwanza au wa pili abiria hupungua kwa kama asilimia 4. Ukisubiri miaka kumi na zaidi, upungufu hukaribia asilimia 10 nzima. Kwa treni za chini ya ardhi namba ni ndogo zaidi, kama 3 mwanzoni na 6 baadaye, kwa kuwa treni inayopita chini ya foleni haina mbadala wa karibu.

Tuweke hilo kwenye mfano wa kubuni. Njia moja ya basi ina abiria 1,000 kwa siku, kila mmoja analipa 100, makusanyo ni 100,000. Nauli inapandishwa hadi 120. Mwaka wa kwanza wanaacha abiria 80. Waliobaki 920 wanaleta 110,400. Meneja anapongezwa. Miaka kumi baadaye, mambo mengine yakiwa yamebaki kama yalivyo, abiria wamefika kama 830 na makusanyo yamerudi pale pale, karibu 100,000. Fedha ni ileile, ila watu 170 hawamo tena ndani ya basi. Kufikia hapo meneja aliyepongezwa huwa ameshahamishiwa ofisi nyingine, na hakuna anayeunganisha tukio la mwanzo na matokeo ya mwisho.

Ucheleweshaji huu una sababu ya kawaida kabisa. Mtu hahami nyumba wiki ile nauli inapopanda. Anasubiri mkataba wa pango uishe, mtoto amalize darasa, apate kazi karibu zaidi, au adundulize fedha ya kununua pikipiki. Kila uamuzi wa namna hiyo ukishafanyika ni mgumu kuurudisha nyuma. Aliyenunua pikipiki kwa mkopo ataitumia hata nauli ikishushwa mwaka unaofuata, kwa sababu gharama kubwa ameshaibeba na kila safari ya ziada inamgharimu mafuta tu. Ndiyo maana kupandisha nauli na baadaye kuishusha hakufuti kilichotokea katikati.

Wanaobaki na wanaopotea

Ndani ya wastani huo kuna makundi mawili yanayoitikia kwa namna tofauti kabisa. Abiria wa asubuhi anayewahi kazini hana pa kukimbilia. Atalipa na kupunguza kitu kingine nyumbani. Abiria wa saa nne mchana ndiye anayeacha, na tafiti huonyesha kwamba safari za nje ya saa za msongamano huitikia bei karibu mara mbili ya zile za saa za kazi. Ukisikia "safari za nje ya msongamano" unaweza kudhani ni matembezi. Mara nyingi ni mama anayepeleka mtoto kliniki, mtu anayezunguka na bahasha ya vyeti akitafuta kazi, mfanyakazi wa usafi ambaye zamu yake haifuati saa za ofisi, mzee anayekwenda kuchukua dawa.

Hapa kuna mtego wa takwimu ambao nadhani haujadiliwi vya kutosha. Mahali ambapo maskini hawana mbadala, nauli ikipanda abiria hupungua kidogo sana, na ripoti itasema soko limeipokea bei mpya. Mashine ya tiketi haiwezi kutofautisha aliyeridhika na aliyebanwa. Kadiri watu wanavyokosa njia nyingine, ndivyo ongezeko linavyoonekana kufanikiwa.

Yapo majaribio yaliyopima upande uliofichika. Mjini Boston, watafiti wa chuo cha MIT waliwapa watu wa kipato cha chini kadi zenye punguzo la nusu ya nauli na kuwalinganisha na wenzao waliolipa bei kamili. Wenye punguzo walisafiri takriban asilimia 30 zaidi, na walikwenda mara nyingi zaidi kwenye huduma za afya na za jamii. Maana yake safari hizo zilikuwa zinahitajika siku zote. Bei ndiyo iliyokuwa imezizuia. Addis Ababa, mtafiti Simon Franklin aliwapa nauli vijana wasio na kazi waliokuwa wakiishi mbali na katikati ya jiji ili waweze kwenda mjini kutafuta kazi. Walitafuta kwa bidii zaidi, na kwa muda mfupi uwezekano wao wa kupata kazi ya kudumu uliongezeka. Ukilinganisha thamani ya nauli hizo na thamani ya ajira ya kudumu, unaona jinsi kizuizi kidogo kinavyoweza kufunga mlango mkubwa. Mtu asiye na mshahara analipa nauli ya kutafuta mshahara.

Nauli inayolipwa kwa kusubiri

Mwaka 1972 mchumi Herbert Mohring alieleza jambo ambalo kila anayesimama kituoni analijua bila kulisomea. Abiria wakiongezeka, mwendeshaji huongeza mabasi. Mabasi yakiongezeka, kila mtu anasubiri muda mfupi zaidi. Kila abiria mpya, bila kujua, anawafaidisha wenzake. Bidhaa nyingi zikipata wanunuzi wengi huadimika. Basi, hadi kiwango fulani, huwa bora zaidi.

Sasa geuza mwelekeo. Nauli imepanda, abiria wamepungua, mwendeshaji anaondoa mabasi kadhaa ili asibebe viti vitupu. Basi lililokuwa likipita kila dakika 10 sasa linapita kila dakika 15, na wastani wa kusubiri umetoka dakika 5 hadi 7 na nusu. Abiria aliyevumilia ongezeko la fedha sasa anaongezewa la muda, na hili la pili halikutangazwa na mtu yeyote. Baadhi yao wanaondoka. Mabasi yanapunguzwa tena. Mzunguko huu si lazima uishie kwenye kufa kwa njia, lakini njia za usiku, za mwisho wa wiki na za vitongoji vyenye watu wachache ndizo huwa za kwanza kuishiwa pumzi.

Hali ni tofauti pale ambapo chombo kimejaa hadi mlangoni. Kwenye treni ya saa moja na nusu asubuhi, abiria mmoja akiondoka aliyebaki anapumua vizuri zaidi. Hoja hii ndiyo inayotumiwa kutetea nauli ya juu saa za msongamano, na ina mantiki, ila ina kasoro ile tuliyoiona: anayebanwa na saa ya kazi hawezi kuichagua saa. Singapore ilijaribu upande wa pili wa shilingi. Kuanzia Juni 2013 hadi mwishoni mwa 2017, abiria wa treni waliotoka katika vituo fulani vya katikati ya jiji kabla ya saa 1:45 asubuhi walisafiri bure. Aliyeweza kuwahi alipata faida, na asiyeweza hakuadhibiwa.

Barabarani

London ilipitia mwaka 1981 na 1982 jambo ambalo ukilipanga kwa makusudi kama jaribio ungelaumiwa. Oktoba 1981 halmashauri kuu ya jiji chini ya Ken Livingstone ilishusha nauli kwa takriban theluthi moja. Halmashauri ya Bromley, kitongoji ambacho hakikuwa hata na kituo cha treni ya chini ya ardhi, ikaenda mahakamani kupinga kodi iliyolipia punguzo hilo. Desemba mwaka huohuo, majaji wa ngazi ya juu kabisa wakatangaza mpango huo kuwa kinyume cha sheria, na Machi 1982 nauli zikapandishwa karibu mara mbili. Abiria walishuka na magari yanayoingia katikati ya jiji yakaongezeka. Mwaka 1983 nauli zikashushwa tena kwa robo, ikaanzishwa kadi ya kanda inayotumika kwenye basi na treni, na abiria wakarudi.

Ili kuelewa uzito wa wale wanaohamia kwenye magari, tazama mgomo wa wafanyakazi wa usafiri Los Angeles mwaka 2003. Mabasi na treni zilisimama kwa siku 35. Mgomo ni sawa na nauli kupanda hadi isilipike. Jiji hilo linajulikana kwa magari, na sehemu ndogo tu ya wakazi wake hutumia usafiri wa umma, kwa hiyo ungetarajia barabara zisitikisike. Mchumi Michael Anderson alikuta ucheleweshaji katika barabara kuu umeongezeka kwa asilimia 47. Sababu ni kwamba watumiaji wa mabasi na treni hawajatawanyika sawasawa jijini. Wengi wao wako kwenye njia zilezile ambazo tayari zimejaa, na barabara iliyo karibu na ukomo wake huhitaji magari machache tu ya ziada ili isimame.

Mwenye gari hajatozwa gharama anayowasababishia wengine: foleni, moshi, ajali. Miji michache imejaribu kumtoza, London tangu 2003 na Stockholm kwa kudumu tangu 2007, lakini kwingi barabara ni ya bure. Pale ambapo gari linatumia barabara chini ya gharama yake halisi, nauli ya chini ya basi ni namna ya kurekebisha mizani. Wachumi Ian Parry na Kenneth Small walipiga hesabu hizo kwa London, Washington na Los Angeles mwaka 2009 na kuona kwamba ruzuku inayofika nusu ya gharama za uendeshaji, na hata kuvuka hapo, ina manufaa kwa jiji zima karibu katika kila hali waliyoipima. Kwa hiyo anayesema abiria wa basi "wanabebwa" aulize pia nani anambeba mwenye gari.

Ramani inavyosogea

Hapa ndipo mada inapokuwa tamu, na ndipo inapopuuzwa zaidi.

Mwaka 1964 William Alonso alitoa maelezo ambayo bado ndiyo msingi wa uchumi wa miji. Chukua jiji ambalo kazi nyingi ziko katikati. Kila kaya ina bajeti moja ya kulipia mahali na kufika mahali. Anayeishi karibu analipa pango kubwa na nauli ndogo. Anayeishi mbali analipa pango dogo na nauli kubwa. Bei za ardhi hupanda na kushuka hadi watu waone hakuna faida ya kuhama. Nauli kwa maana hiyo ni sehemu ya kodi ya nyumba, inalipwa tu kwa konda badala ya mwenye nyumba.

Ukipandisha nauli ya kilomita, mizani inavurugika. Kuishi mbali kunapoteza mvuto, wanaotafuta nyumba karibu wanaongezeka, pango la katikati linapanda na la pembezoni linashuka. Mwenye nyumba ya karibu na kituo cha kazi ameongezewa utajiri bila kufanya lolote. Aliyejenga pembezoni kwa akiba ya miaka mingi ameona thamani ya nyumba yake ikipungua. Mpangaji wa katikati, ambaye pengine hapandi basi kabisa kwa kuwa anatembea kwa miguu hadi kazini, naye anakuta pango lake limepanda kwa sababu ya nauli asiyoilipa. Sijawahi kuona tangazo la nauli linalomtaja huyu.

Nauli ikiwa moja kwa umbali wote, mambo hugeuka. Anayesafiri vituo viwili anamlipia kwa sehemu anayesafiri ishirini, na jiji linavutwa kutanuka. Beijing ilikuwa hivyo: kuanzia 2007 metro, yaani treni za jiji, ilitoza yuan 2 bila kujali umbali, na jiji likatanuka pamoja na reli zake. Tarehe 28 Desemba 2014 utaratibu ukabadilika. Kilomita 6 za kwanza zikawa yuan 3, na bei ikapanda kwa umbali, kiasi kwamba safari ya kilomita 30 ikafika yuan 6. Aliye karibu aliongezewa nusu; aliye mbali nauli yake ilikua mara tatu. Cairo ilikwenda kasi zaidi. Mwanzoni mwa 2017 tiketi ya metro ilikuwa paundi 1 kwa safari yoyote. Machi mwaka huo ikawa 2. Mei 2018 ikawa 3, 5 au 7 kutegemea idadi ya vituo. Abiria wa mwisho wa njia, katika muda wa miezi kumi na minne hivi, alitoka kulipa 1 hadi kulipa 7. Delhi nayo mwaka 2017 ilipandisha mara mbili: nauli ya chini kabisa ilitoka rupia 8 hadi 10, ya juu kabisa ikatoka 30 hadi 60. Vyombo vya habari vikizungumzia "wastani" wa ongezeko katika miji kama hii, wastani huo haumhusu mtu yeyote.

Je, nauli ya umbali ni mbaya basi? Inategemea nani anaishi mwisho wa njia. Katika miji mingi ya Marekani maskini wamekuwa wakiishi karibu na katikati; Edward Glaeser na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba sababu kubwa ni kuwa huko ndiko kuliko na mabasi na treni. Katika hali hiyo nauli moja kwa wote huwalazimisha wenye safari fupi, ambao ni maskini, kumchangia mwenye nyumba kubwa ya vitongojini. Kwingineko, kuanzia viunga vya Paris hadi miji mingi ya Amerika ya Kusini na Afrika, aliye mbali ndiye maskini, na nauli ya umbali inamwangukia yeye. Paris ilichagua kwenda kinyume na Beijing: Septemba 2015 kadi ya mwezi ikawa na bei moja ya yuro 70 kwa mkoa mzima, wakati waliokuwa kanda za mwisho walikuwa wakilipa zaidi ya 110. Fomula ileile ya nauli inaweza kuwa ya haki mahali pamoja na dhuluma mahali pengine, na anayenakili mfumo wa jiji jingine bila kutazama ramani ya vipato anacheza kamari.

Kuna adhabu nyingine ya kijiografia ambayo haitegemei kilomita: kuunganisha. Mahali ambapo kila chombo kina nauli yake, mtu ambaye mtaa wake hauna njia ya moja kwa moja hulipa mara mbili au tatu kufika sehemu ambayo jirani wa barabara kuu anafika kwa nauli moja. Ongezeko dogo likiwekwa kwenye kila chombo, yeye analibeba lote mara tatu. Seoul iliondoa adhabu hiyo Julai 2004 kwa kuunganisha mabasi na metro chini ya kadi moja: unalipia umbali wa safari nzima, na kubadili chombo hakukuanzishii nauli upya. Kwa maoni yangu hili ni moja ya marekebisho yenye faida kubwa kuliko ubishi wote wa asilimia.

Na wasioweza kulipa pango la karibu wala nauli ya mbali? Hao hubanana. Vyumba vya mtu mmoja hulala wanne, makazi yasiyopimwa husogea hadi kando ya reli na mito ilimradi mtu afike kazini kwa miguu. Serikali zinazojenga nyumba nzuri mbali na mji hushangaa zinapokaa tupu. Ahmedabad, India, kulikuwa na bahati nasibu ya nyumba mwaka 1987 kwa wanawake wa mitaa duni, na nyumba zilikuwa kilomita 12 kutoka katikati. Watafiti walipowafuatilia miaka 14 baadaye, asilimia 34 ya washindi hawakuwahi kuhamia, na asilimia 32 walihamia kisha wakaondoka. Nauli haikuwa sababu pekee; walikuwa wamewaacha pia ndugu na majirani wa kusaidiana. Lakini nyumba ambayo huwezi kuifikia kwa gharama unayoimudu ni bora kwenye karatasi tu.

Alexandra, 1957

Mfano unaobeba yote haya kwa pamoja ni wa Afrika Kusini. Sheria za ubaguzi zilikuwa zimewaweka wafanyakazi Weusi mbali na sehemu zao za kazi, kwa hiyo umbali wao haukutokana na kuchagua pango dogo kama katika nadharia ya Alonso. Januari 1957 kampuni ya mabasi iliyohudumia Alexandra, kitongoji cha Weusi cha Johannesburg, ilipandisha nauli kutoka peni 4 hadi 5. Wakazi wakagoma kupanda, kauli yao ikiwa "Azikhwelwa", hayapandwi. Kwa karibu miezi mitatu maelfu ya watu walitembea kwenda Johannesburg na kurudi, takriban kilomita 15 kila upande. Haikuwa mara yao ya kwanza. Miaka ya 1940 walikuwa wameshagomea mabasi kwa sababu kama hiyo.

Peni moja inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa safari za mwezi na kuigawa kwa mshahara ambao tayari haukutosha. Kilichoumaliza mgogoro kinafundisha kuliko mgomo wenyewe. Nauli ya peni 4 ilibaki, na bunge likapitisha sheria ya kuwatoza waajiri mchango wa kufidia mabasi. Kwa maneno mengine, dola ilikiri kwamba aliyefaidika na mfanyakazi kuishi mbali lakini kufika kila asubuhi alikuwa mwajiri, na kwamba gharama ya umbali huo ilikuwa imewekwa kwenye mfuko usio wake.

Swali la nani anaubeba mzigo hatimaye lipo katika kila jiji. Pale ambapo wafanyakazi ni adimu, mwajiri wa katikati hulazimika kuongeza mshahara ili watu wa mbali waendelee kuja, au kampuni hufuata watu pembezoni na vituo vipya vya biashara huota huko. Pale ambapo watu kumi wanagombea nafasi moja, mwajiri hatikisiki. Mfanyakazi anameza ongezeko lote.

Ufaransa iliamua suala hili kwa kodi: tangu 1971, kuanzia mkoa wa Paris, waajiri hulipa asilimia fulani ya mishahara kugharimia usafiri wa umma, wawe na wafanyakazi wanaopanda basi au la. Brazil ilichukua njia nyingine mwaka 1985 kwa kuanzisha vale-transporte, ambapo mfanyakazi huchangia nauli hadi asilimia 6 ya mshahara na mwajiri hulipa inayozidi. Mpango huo umewakinga mamilioni, ila una matundu mawili. Asiye na ajira rasmi hamo kabisa, na huyo ndiye mhitaji zaidi. Halafu, kwa kuwa gharama ya umbali inamfuata mfanyakazi mmoja mmoja, mwajiri ana sababu ya kuuliza "unaishi wapi?" kabla ya kuuliza "unajua nini?", na kumpita anayehitaji mabasi mawili. Kodi ya Kifaransa haina jaribu hilo, maana haitegemei anwani ya mtu.

Kuigandisha nako kuna bei

Baada ya yote haya mtu anaweza kusema nauli isipandishwe kamwe. New York ilijaribu. Treni ya chini ya ardhi ilipofunguliwa mwaka 1904 nauli ilikuwa senti 5, na ilibaki hivyo hadi 1948, ikivuka vita viwili vya dunia na mfumuko mkubwa wa bei. Hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuigusa. Kampuni binafsi zilizoendesha njia hizo zilidhoofika, matengenezo yakaahirishwa, na mwaka 1940 jiji likalazimika kuzinunua. Ilipoongezwa hatimaye, iliongezwa mara mbili kwa mpigo. Nauli iliyogandishwa bila ruzuku ya kujaza pengo hupandishwa kwa mlango wa nyuma: mabasi chakavu, kusubiri kurefu, safari zilizofutwa.

Kugandisha pia hugeuza kila ongezeko kuwa tukio la kisiasa. São Paulo mwaka 2013 iliongeza centavo 20, kutoka reais 3.00 hadi 3.20, kiasi kilichokuwa chini ya mfumuko wa bei tangu ongezeko la 2011. Maandamano yakasambaa nchi nzima na ongezeko likafutwa ndani ya mwezi huo wa Juni. Santiago, mji mkuu wa Chile, mwaka 2019 iliongeza peso 30 kwenye metro saa za msongamano, chini ya asilimia 4. Wanafunzi wakaanza kuruka vizuizi vya kuingilia, hali ya dharura ikatangazwa, na nchi ikaishia kupiga kura juu ya kuandika katiba mpya. Waandamanaji walisema si peso 30 bali ni miaka 30, yaani ile iliyofuata kuisha kwa udikteta. Nauli ni moja ya bei chache ambazo serikali huziweka kwa tangazo na ambazo mamilioni huzilipa kwa mkono wao kila siku, kwa hiyo hasira zilizotoka kwingine hupata mahali pa kutua. Hong Kong hujaribu kulikwepa hilo kwa fomula: tangu 2007 nauli za treni hurekebishwa kila mwaka kwa kutazama bei za bidhaa na mishahara. Bado wananung'unika, lakini wanajua kinachokuja.

Suluhisho linalopendwa siku hizi ni kupandisha kwa wote na kuwapunguzia maskini. Seattle ilianza hivyo mwaka 2015, New York mwaka 2019 kwa nusu bei. Kimantiki ni safi. Kiutendaji, wengi wanaostahili hawajiandikishi: fomu, vithibitisho vya kipato, safari ya kwenda ofisini ambayo nayo ina nauli. Na mahali ambapo watu wengi hawana kipato kinachoandikwa popote, hakuna orodha ya kuanzia.

Kuna mlipaji mwingine ambaye hutajwa mara chache, naye ni ardhi. Ikiwa huduma nzuri ya treni hupandisha thamani ya viwanja vilivyo karibu nayo, sehemu ya thamani hiyo inaweza kurudi kulipia treni. Hong Kong hufanya hivyo kwa kuipa kampuni ya metro haki ya kuendeleza ardhi juu na kando ya vituo, na mapato ya majengo husaidia kujenga reli. Imewezekana kwa sababu ardhi ya huko ni ya serikali na jiji limesongamana sana. Jiji ambalo viwanja vyake vya kando ya reli vimeshagawanywa na kuuzwa kabla njia haijachorwa halina tena kadi hiyo mkononi. Litabaki na kodi ya majengo, ambayo inahitaji viwanja vilivyopimwa, daftari la thamani linalosasishwa, na baraza la madiwani lililo tayari kuwatoza wenye nyumba kile ambacho kwa sasa wanatozwa abiria.